MOYO WA KAZI WAKATI WA BARIDI

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya halmashauri ya tawi mbele ya wanachama wa mashamba na viwanda vya majani ya chai, kabla ya miezi ya baridi kuanza. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.



Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya jambo ambalo kwa desturi husemwa na upande wa pili wa meza. Kila mwaka ukaribiapo mwezi wa Juni, matangazo hubandikwa ubaoni: Ongezeni bidii. Msilegee kwa sababu ya baridi. Leteni mawazo mapya. Sisi hatuna ugomvi na bidii, wala na mawazo mapya. Mtu afanyaye kazi bila moyo huchoka mara mbili, mara moja kwa mikono na mara nyingine kwa kuitazama saa. Lakini twaona kwamba neno hili la moyo wa kazi limeachiwa wenye mali peke yao, na kwa hivyo limegeuka kuwa mahubiri. Leo twataka kulitwaa sisi wenyewe na kulitazama vizuri.

Swali letu ni hili. Je, mtu aweza kuwa na moyo wa kazi, na akili changamfu ya kubuni, hali vidole vimekufa ganzi na kikapu hakijai? Twajibu kwamba aweza, ila kwa masharti mawili. Sharti la kwanza ni mwili wake upate joto. Sharti la pili ni awe na hakika kwamba wazo atakalolitoa halitamnyang'anya mwenzake kazi. Yakikosekana haya mawili, tangazo la ubaoni ni karatasi tu.

BARIDI YETU NI YA NAMNA GANI

Watu wa Pwani huuita msimu huu kipupwe. Ndugu zetu Wakikuyu huuita gathano. Ni ile miezi ya Juni, Julai na Agosti, upepo wa kusi unapotujia kutoka upande ambako wenzetu wa kusini ya dunia wako katika majira yao ya baridi. Upepo huo huleta mawingu ya chini, nayo hutanda juu ya milima yetu kama blanketi lililolowa. Sisi tu karibu na mstari wa ikweta, na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Kwa hivyo tunachokosa siyo urefu wa mchana. Twakosa jua lenyewe, maana lipo juu ya mawingu na halitufikii.

Tena chai hupandwa mahali pa juu, kati ya mita 1,500 na mita 2,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Kila mtu apandapo mita elfu moja, baridi huongezeka kwa nyuzi sita au zaidi. Nairobi usiku wa Julai huweza kushuka kufika nyuzi 11 au 12. Limuru ni juu kuliko Nairobi, na Kericho vivyo hivyo. Hesabu ni rahisi, na kila aliyeshika chipukizi lenye umande saa kumi na mbili unusu asubuhi anaijua bila ya kupiga hesabu.

Mchai nao huona baridi. Wataalamu wa kilimo husema kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 12 au 13, chipukizi karibu husimama. Ndiyo sababu majani huwa mengi katika miezi ya Machi mpaka Mei, na tena Oktoba mpaka Desemba, lakini Julai huwa haba. Basi mchumaji anayelipwa kwa kilo hupigwa mara mbili na baridi ile ile. Mwili wake huteseka, na mizani nayo humpa kidogo. Akionekana mnyonge, asiitwe mvivu.

MWILI KWANZA

Vidole vikipoa sana, hisia za ncha zake hupungua na wepesi wake hupotea. Mchumaji huvunja jani gumu mahali pa kuchukua majani mawili na chipukizi. Fundi wa mashine hushindwa kuihisi parafujo ndogo, na spana humponyoka. Hili ni jambo la mwili, wala halina uhusiano na tabia ya mtu. Kwa hivyo anayetaka kazi nzuri na azianzie glavu, makoti ya mvua, na gambuti zisizovuja.

Katika haya hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 husema kwamba mfanya kazi anayefanya kazi penye maji na unyevu apewe mavazi ya kumkinga. Husema pia kwamba pawe na mahali pa kuwekea nguo zisizovaliwa wakati wa kazi. Nayo Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, humpa kila mfanya kazi haki ya kuwa na hali nzuri za kazi na haki ya kuingia chama. Kila mwakilishi wetu yafaa ayajue haya kama ajuavyo jina la mamake.

Pili ni chai ya moto. Tazameni nchi ya Finland, ambako baridi hugandisha maziwa na mito. Wafini ni miongoni mwa watu wanaokunywa kahawa nyingi kuliko wote duniani kwa hesabu ya kila kichwa, wala kahawa haioti kwao. Huko mapumziko ya kahawa yameandikwa katika mikataba mingi ya vyama vya wafanya kazi, pamoja na dakika zake, kama mshahara ulivyoandikwa. Hawakungoja msimamizi awe katika siku yake njema. Sisi tunaoitoa chai ya ulimwengu mikononi mwetu, twainywa wapi? Wengi huinywa wamesimama kwenye upepo, imepoa, kutoka katika chupa waliyoijaza alfajiri. Chama kitalipeleka jambo hili mezani: dakika kumi na tano asubuhi, chai ya moto, chini ya paa.

Tatu ni mwanga. Anayefanya kazi ndani ya kiwanda asile chakula chake nyuma ya mashine. Atoke nje, hata kama ni mawingu, maana mwanga wa mbingu yenye mawingu bado hushinda taa za kiwandani mara nyingi. Mwili hutumia mwanga wa mchana kujua saa ya kuamka na saa ya kulala. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake wa Marekani waliandika habari za huzuni inayowashika watu wengine kila mwaka siku zinapokuwa fupi, na tangu hapo madaktari hutumia mwanga mkali kuitibu. Siku zetu hazifupiki kama zao. Lakini mtu aliyeingia zamu kabla ya jua kuchomoza na kutoka limekwisha kutua, yeye amejitengenezea majira ya baridi ya Ulaya hapa hapa nyumbani.

Tena tuna onyo, nalo twalisema kwa uzito. Msiingize jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, wala katika kibanda cha mlinzi wa usiku, wala katika vyumba vya kulala. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na anayeivuta hushikwa na usingizi, asiamke tena. Blanketi la pili si haba. Na pombe nayo isiitwe dawa ya baridi. Huileta damu karibu na ngozi, ukaona joto, kumbe joto lenyewe linakutoka.

MAHALI AKILI INAPOHITAJIWA

Sasa twaja kwenye kubuni. Wako wanaodhani kwamba kubuni ni kazi ya wahandisi wa ofisini, na kwamba sisi wengine kazi yetu ni kufuata saa. Ndugu wa kiwandani wanajua kuwa si kweli, na baridi ndiyo inayolithibitisha.

Majani yakifika kutoka shambani hutandazwa yanyauke kwanza. Hewa ya Julai ni baridi na ina maji mengi, kwa hivyo majani hayanyauki upesi kama ya Februari. Yakiisha kunyauka husagwa, halafu huachwa yapate hewa, yakigeuka kutoka rangi ya kijani kuwa ya shaba. Wakati wa baridi mageuzi haya nayo hukawia. Anayefuata saa ya ukutani peke yake, akiyatoa kwa dakika zile zile za mwezi wa joto, atapata chai yenye ukijani mdomoni. Akiyaacha kupita kiasi, chai itapoteza ukali wake mzuri. Nani basi anayejua kiasi? Ni yule mzee aliyesimama pale miaka mingi, anayeshika konzi moja, akaitazama rangi, akaipeleka puani, akasema, "Bado kidogo." Pua ile ni elimu, ingawa haikuandikwa mahali. Na tazameni ajabu yake: wakati wa baridi, akili ya mfanya kazi huhitajiwa zaidi, na ndio wakati huo huo mwili unapomzuia kuitoa.

Shambani ni vivyo hivyo. Nani anayejua ni mstari gani wa michai unaopata jua mapema, ili wachumaji waanzie huko na kuacha bondeni umande ukauke kwanza? Nani anayejua ni kituo gani cha mizani ambapo watu husimama nusu saa kwenye upepo kwa kuwa mzani ni mmoja? Wachumaji wanajua. Lakini hawaulizwi, na mtu asiyeulizwa kwa miaka mwishowe huacha hata kufikiri. Huko kuacha kufikiri ndiko kunakoitwa kukosa moyo.

MJI USIO NA JUA

Tuwape mfano wa mji wa wafanya kazi. Katika nchi ya Norway kuna mji uitwao Rjukan, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika bonde jembamba, kwa ajili ya viwanda vya mbolea vilivyotumia nguvu za maporomoko ya maji. Milima yake ni mirefu hata tangu mwisho wa Septemba mpaka mwezi wa Machi jua halifiki mjini. Watu huliona likiangaza vilele vya milima, wao wakiwa kivulini.

Mwaka 1913 karani wa hesabu aliyeitwa Oscar Kittilsen alitoa wazo katika gazeti la mji: viwekwe vioo mlimani vilirudishe jua bondeni. Wazo lile halikuweza kutekelezwa siku zile. Lakini haja aliyoitaja ilibaki, na mwaka 1928 kampuni ilijenga gari la kuning'inia kwenye kamba za chuma, ili watu wapande juu wakaote jua. Halafu mwaka 2013, miaka mia moja kamili baada ya karani yule kuandika, vioo vitatu vikubwa vikasimamishwa mlimani. Vyageuka vikilifuata jua, na kulitupa katika uwanja wa mji. Watu hutoka nje, wakasimama pale, wakaota.

Twajifunza mambo mawili hapa. Wazo lilitoka kwa karani aliyeishi katika kivuli kile kama wenzake. Na lilidumu miaka mia kwa sababu liliandikwa. Mawazo mangapi mazuri ya wanachama wetu yamesemwa chini ya mti wakati wa chakula, yakapeperuka pamoja na moshi wa chai?

WAZO LA MFANYA KAZI NI LA NANI?

Hapa tufike kwenye jipu lenyewe. Ndugu wengi wanayo mawazo lakini wanayaficha, na wana sababu. Tuseme fundi mmoja aonyeshe namna ya kufanya kwa watu wanne kazi ya watu sita. Atashikwa mkono, labda atapigwa picha. Mwezi ujao wawili wataambiwa majani ni machache, rudini nyumbani. Je, fundi yule atarudia kufikiri? Na wenzake watamtazama kwa macho gani?

Hofu hii siyo ndoto. Mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani kwetu, na mashine moja hushika nafasi ya mikono mingi. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho watu wenye hasira walizichoma moto mashine za namna hiyo. Chama chetu hakiungi mkono kuchoma mali. Lakini twasema wazi kwamba mahali ambapo watu huona kila jambo jipya likija na barua ya kufukuzwa, usitegemee kupewa wazo lolote, iwe ni wakati wa jua au wa baridi.

Tazameni Japan. Mwaka 1950 kampuni ya Toyota ilikuwa na mgomo mkubwa kwa sababu ya kupunguza watu, na wafanya kazi zaidi ya 1,500 wakaondoka. Mwaka uliofuata, 1951, kampuni ile ilianzisha mpango wa kupokea mawazo ya wafanya kazi, mpango uliokuja kujulikana dunia nzima. Wengi hunakili sanduku la mawazo peke yake, wakalitundika ukutani, wakashangaa likijaa vumbi. Husahau kwamba mwaka 1962 chama cha wafanya kazi na kampuni walitia sahihi tamko la kuaminiana. Sanduku bila ya kuaminiana ni ubao na misumari.

MAMBO YANAYOTAKIWA SASA

Kwa hivyo halmashauri inatoa shauri hili, nanyi mtalipigia kura.

Kwanza, kila sehemu ya kazi iwe na daftari la mawazo, nalo likae kwa mwakilishi wa chama. Wazo liandikwe pamoja na jina la mwenyewe na tarehe, ili asije mwingine akaliita lake.

Pili, kabla wazo halijapelekwa kwa meneja, wenzake wa sehemu ile waulizane maneno matatu. Je, litapunguza maumivu au hatari? Je, litaongeza mapato, na mapato hayo yatagawanywaje? Je, kuna atakayepoteza kazi? Likiwa la kupunguza hatari, lipelekwe mara moja kwa kamati ya usalama na afya. Sheria ya 2007 yataka kamati hiyo iwepo kila mahali penye wafanya kazi ishirini au zaidi, na ndani yake wafanya kazi wawe na wajumbe wao. Mahali ambapo kamati haipo, hilo ndilo liwe wazo la kwanza katika daftari.

Tatu, likiwa ni wazo la kuongeza mapato, lingoje meza ya mapatano. Twataka iandikwe katika mkataba kwamba hakuna mtu atakayeachishwa kazi kwa ajili ya wazo la mfanya kazi, na kwamba mwenye wazo atapata sehemu yake.

Nne, twataka siku za majani machache zisiwe siku za kuwarudisha watu nyumbani bila kitu. Ziwe siku za kutengeneza mashine, kuziba paa zinazovuja, kusafisha mitaro, na kufundishana. Yule mzee wa pua apewe vijana wawili wasimame naye. Mwanamke anayejua kuchuma haraka bila kuumiza mgongo awaonyeshe wageni wa kazi. Ujuzi usiofundishwa hustaafu pamoja na mwenyewe. Na kijana anayejifunza jambo jipya mwezi wa Julai hana nafasi ya kuhesabu mawingu.

Tano, wanaofanya kazi mahali penye baridi zaidi wabadilishane zamu na wale walio karibu na mashine za kukaushia. Hili halihitaji senti ya mtu. Lahitaji orodha moja na moyo wa udugu.

Ndugu wanachama, kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja akiomba glavu huitwa mlalamishi. Watu mia tatu wakiomba, wameleta hoja. Mtu mmoja akitoa wazo laweza kuibwa. Wazo lililo katika daftari la chama lina mashahidi.

Mwakani tutawaambia ni mangapi katika haya yaliyokubaliwa na mangapi yaliyokataliwa, na nani aliyeyakataa. Kwa sasa kazi ya kila sehemu ni moja: kabla ya mkutano ujao, leteni wazo moja lililoandikwa. Asiyejua kuandika amwendee katibu wa tawi baada ya kazi. Atayasema maneno yake kwa lugha aijuayo, yataandikwa, atasomewa, na chini yake ataweka kidole gumba. Wazo lake litahesabiwa sawasawa na la mtu mwingine yeyote.